Sindano ya Kisukari kwa Ajili ya Kupungua: Tuipime kwa Fadhila Nne



Leo tunagusa jambo ambalo wengi wenu mmelikuta kwenye simu kabla hamjalisikia kanisani: watu wasio na kisukari wanachoma sindano za kisukari ili wapungue. Majina mnayajua: Ozempic, Wegovy, Mounjaro. Huyu kaweka picha mbili, ya kabla na ya baada. Yule anauza "kalamu" kwa ujumbe wa pembeni. Mwingine anauliza kama vidonge vya bibi vya sukari navyo vinapunguza tumbo.

Swali linalokuja haraka ni hili: ni dhambi au si dhambi? Ni swali zuri na tutalijibu kabla hatujamaliza. Lakini tukilijibu kwa neno moja tu tutawaumiza watu wa pande mbili. Yupo anayeihitaji kweli dawa hii, ambaye tukimwambia "ni dhambi" atakaa nyumbani na ugonjwa wake kwa aibu. Na yupo asiyeihitaji kabisa, ambaye tukimwambia "haina shida" atajitia hatarini. Kwa hiyo twende polepole. Kwanza tuijue dawa yenyewe. Kisha tuipime kwa fadhila nne za msingi tulizojifunza kwenye mafundisho: busara, haki, nguvu na kiasi (KKK 1805-1809).

1. Tuijue dawa yenyewe

Ukila, utumbo wako hutoa homoni inayoitwa GLP-1. Homoni hii hupeleka taarifa. Hulishtua kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, hupunguza kasi ya tumbo kushusha chakula, na huuambia ubongo kwamba umeshiba. Homoni ya asili hudumu mwilini dakika chache tu. Wanasayansi wakatengeneza dawa inayofanana nayo lakini inayodumu muda mrefu. Semaglutaidi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Ozempic, huchomwa mara moja tu kwa wiki.

Ozempic iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya watu wazima wenye kisukari aina ya 2. Kwa kuwa dawa za kundi hili hupunguza uzito pia, kampuni inayoitengeneza, Novo Nordisk ya Denmark, iliijaribu kwa dozi kubwa zaidi kwa watu wenye unene uliokithiri. Juni 2021 dozi hiyo ikaidhinishwa kwa jina la Wegovy. Mounjaro ni dawa nyingine, tirzepataidi, ya kampuni ya Eli Lilly. Iliidhinishwa kwa kisukari Mei 2022, na Novemba 2023 dawa hiyo hiyo ikapata kibali cha kutibu unene kwa jina la Zepbound.

Je, inafanya kazi? Ndiyo, tuwe wakweli. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua kama asilimia 2.4. Makundi yote mawili yalipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Kwa mtu wa kilo 100, asilimia 15 ni kilo 15. Si jambo dogo kwa mtu ambaye magoti yanamuuma na presha haishuki.

Sasa sikilizeni vizuri: watu wale walikuwa na unene uliokithiri, au uzito mkubwa ulioambatana na tatizo jingine la kiafya. Hawakuwa watu wenye uzito wa kawaida wanaotaka kuingia kwenye gauni la kitchen party wiki ijayo.

2. Busara: je, dawa hii ni ya kwangu?

Busara ndiyo fadhila inayoongoza nyingine zote. Inauliza: hali yangu halisi ni ipi, na njia iliyo sahihi kwangu ni ipi?

Maandiko hayadharau dawa. Yoshua bin Sira anafundisha kwamba tumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba Bwana, wala mwenye akili hazikatai (YbS 38:1-15). Anamwambia mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Ona mpangilio huo: sala na tabibu vinakwenda pamoja. Nani hayumo humo? Muuzaji wa mtandaoni ambaye hajakupima hata presha.

Dawa hizi zina kazi zake na zina madhara yake. Yanayowapata wengi ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kukosa choo. Ndiyo maana dozi huanza chini kabisa na kupandishwa taratibu kwa wiki nyingi. Wapo wachache wanaopata mawe kwenye kifuko cha nyongo, au kongosho kuvimba, na hilo ni tatizo la kulazwa. Mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo, yeye au ndugu wa damu, haruhusiwi kuitumia. Mwanamke anayepanga kupata mimba anatakiwa kuacha semaglutaidi angalau miezi miwili kabla. Na mtu anapopungua haraka hapotezi mafuta peke yake. Misuli nayo huondoka. Nani atakueleza haya yote? Nani atakuuliza historia ya familia yako? Hiyo ndiyo kazi ya daktari, na ndiyo sababu dawa inatolewa kwa cheti.

Kuna na hili la kurudi. Baadhi ya watu wa utafiti ule waliendelea kufuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, na kwa wastani walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Mwenye ugonjwa wa unene anaweza kuelezwa hilo na daktari wake, wakapanga matibabu ya muda mrefu. Wewe unayechangisha hela ya kalamu mbili kwa ajili ya picha za Desemba, umepanga nini kwa ajili ya Machi?

Halafu kuna dawa za bandia. Oktoba 2023 nchini Austria watu kadhaa walilazwa baada ya kujichoma kile walichodhani ni Ozempic. Sukari ilishuka ghafla, na wakaguzi wakashuku kwamba ndani ya kalamu zile mlikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu semaglutaidi bandia, baada ya mizigo yake kunaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi zenye ukaguzi mkali kiasi hicho zimepitiwa, hiyo kalamu inayoletwa na bodaboda bila risiti unaijuaje?

Na hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu hili linatuhusu hata sisi tusio na hela ya Ozempic. Mtu akisikia "dawa ya kisukari inapunguza mwili", anafungua kabati la bibi. Ndugu yangu, dawa za kisukari si moja! Glibenklamaidi, ambayo wengi wanaijua kama Daonil, inalazimisha kongosho kumwaga insulini. Asiye na kisukari akiimeza, sukari yake inaweza kushuka hadi akatetemeka, akachanganyikiwa, akazimia, hata kufa. Tena haipunguzi mwili, inaelekea kuuongeza. Insulini ni hivyo hivyo. Metfomini hupunguza uzito kidogo tu, huwasumbua wengi tumbo, na ikitumika kwa muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12. Kwa hiyo kama kuna neno moja la kubeba kutoka kwenye somo hili ukalipeleka kwenye kundi lenu la WhatsApp, ni hili: usiguse vidonge vya sukari vya mtu mwingine.

3. Haki: nikiichukua, nani anakosa?

Haki ni nia thabiti ya kumpa Mungu na jirani kile kilicho chao. Wengi tunadhani mwili wangu, hela yangu, haya ni mambo yangu. Lakini dawa ina foleni, na kwenye foleni kuna watu.

Kuanzia mwaka 2022 mahitaji ya semaglutaidi yalipanda kuliko viwanda vilivyoweza kutoa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya dawa zilizoadimika, na haikutangaza kwamba uhaba umekwisha hadi Februari 2025. Uingereza, Julai 2023, madaktari waliagizwa wasiandike dawa za kundi hili zilizoidhinishwa kwa kisukari tu kwa mtu anayetaka kupungua, ili wagonjwa wa kisukari wasizikose. Fikiri hali hiyo: mzee ambaye sukari yake ilikuwa imetulia anafika duka la dawa anaambiwa hakuna, arudi wiki ijayo. Na mwaka 2023 bei iliyotangazwa na kampuni huko Marekani ilizidi dola 900 kwa mwezi. Bidhaa ikiwa adimu na ghali namna hiyo, mwenye hela ndiye anayefika mbele, siyo mwenye ugonjwa.

Kanisa linafundisha kwamba vitu vilivyoumbwa vimekusudiwa kwa ajili ya wanadamu wote (KKK 2402). Kuwa na pesa ya kununua hakumalizi swali la haki.

Inafaa tukumbuke historia ya ugonjwa wenyewe. Kabla ya insulini, mtoto mwenye kisukari kikali alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Watoto walibaki mifupa. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa na uzito wa kama kilo 29 tu, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini. Dozi ya kwanza haikuwa safi vya kutosha. Siku chache baadaye akachomwa iliyosafishwa vizuri, sukari ikashuka, akapata nguvu. Banting, Best na Collip, waliokuwa na haki ya ugunduzi ule, waliikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Wangeweza kutajirika. Walitaka dawa imfikie mgonjwa.

Kanisa nalo lina mtakatifu wake hapa. Mt. Yosefu Moscati, daktari wa Napoli, Italia, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1927, alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza mjini kwake kutumia insulini kwa wenye kisukari. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku, na aliwatibu maskini bila malipo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1987. Kwa Moscati, dawa na ibada havikuwa vitu viwili vinavyogombana. Alimwona Kristo ndani ya mgonjwa, hivyo dawa ilikwenda kwa mgonjwa.

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 537 duniani wanaishi na kisukari, na kati yao milioni 24 wako Afrika, tena zaidi ya nusu ya hao wa Afrika hawajui kwamba wanaumwa. Hao ni shangazi zetu, walimu wetu, mzee wa kigango anayekunywa chai bila sukari. Haki inatudai tuwakumbuke kabla ya kioo.

Na haki ina mambo madogo madogo. Kuchukua kidonge cha mama kwa siri ni kugusa amri ya saba. Kumdanganya daktari ili akuandikie, ukasema una dalili usizonazo, ni kugusa amri ya nane. Kuuza dawa usiyoijua kwa mdogo wako wa jumuiya ni kugusa amri ya tano.

4. Nguvu: kioo, simu na midomo ya watu

Fadhila ya nguvu hutupa uthabiti katika magumu. Na hapa kuna ugumu wa kweli, tusiwacheke wenzetu.

Zamani kidogo, mtu akirudi kutoka safari nyumbani wakamwambia "umenenepa", alifurahi. Ilimaanisha umekula vizuri, umenawiri, hujaumwa. Leo neno hilo hilo linamfanya dada akose usingizi. Nini kimebadilika? Mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni macho tunayojitazamia. Tunajitazama kwa macho ya watu wasiotujua, kupitia picha zilizonyooshwa viuno na programu ya simu, kisha tunauchukia mwili ambao Mungu ameuita hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19-20).

Nabii Samweli naye alidanganywa na umbo. Alipomwona Eliabu, mrefu na mwenye sura ya kifalme, alidhani ndiye. Bwana akamfundisha kwamba mwanadamu hutazama yaliyo nje, bali Yeye hutazama moyo (1Sam 16:7). Tukumbuke kwamba Mungu hakumwambia Samweli kwamba mwili ni takataka. Daudi mwenyewe anasimuliwa kuwa kijana mwenye sura nzuri. Tatizo halikuwa uzuri. Tatizo lilikuwa kumpima mtu kwa uzuri.

Kuna nguvu za aina mbili zinazohitajika. Ya kwanza ni ya kijana mwenye uzito wa kawaida anayesukumwa na rafiki, mchumba, au "comment" za watu: apate ujasiri wa kusema hapana. Kama mchumba wako amekuwekea sharti la kilo, ongea naye mapema, kabla ya ndoa, na mweleze padre wenu au wanandoa wanaowasimamia. Anayekupenda kwa sharti la kilo leo, ukija kujifungua watoto wawili atakuwekea sharti gani?

Ya pili ni ya kijana mwenye unene unaomtesa kweli, ambaye ameogopa kwenda hospitali kwa sababu akienda ataambiwa tu "punguza kula". Dada yangu, kaka yangu, unene uliokithiri ni ugonjwa. Unaletwa na mambo mengi: kurithi, homoni, dawa nyingine, msongo, aina ya chakula kinachopatikana, kazi ya kukaa kutwa. Si ushahidi kwamba wewe ni mlafi. Nenda ukapimwe. Kutibiwa si aibu, na sindano ikiandikwa na daktari anayekufuatilia, hujaiba njia ya mkato.

Na sisi wengine, je? Tunamwita mwenzetu "bonge" kwenye mazoezi ya kwaya, anacheka nasi, kisha anakwenda kununua sindano ya bandia. Sehemu ya dhambi ile inakaa wapi? Tusimwachie mnunuzi peke yake. Midomo yetu nayo iende kitubioni.

5. Kiasi: si kula sana, si kujinyima hovyo

Tukisikia "kiasi" tunafikiria pombe. Lakini Katekisimu inasema fadhila ya kiasi hutuepusha na kila aina ya kupita mipaka, na katika orodha yake imetaja chakula, pombe, tumbaku na dawa (KKK 2290). Ndiyo, dawa! Kutumia dawa kupita hitaji lake kumetajwa bega kwa bega na ulevi.

Namba mbili kabla ya hapo, Katekisimu inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na yatupasa kuzitunza kwa namna inayofaa (KKK 2288). Kisha inaonya tusiufanye mwili kuwa mungu, kiasi cha kutoa kila kitu sadaka kwa ajili yake (KKK 2289). Ukizisoma namba tatu hizi pamoja utaona njia ya katikati: mwili usiutupe, na mwili usiuabudu. Anayekula hovyo na kukataa kupimwa anaangukia upande mmoja. Anayejinyima chakula hadi kizunguzungu, anayejitapisha, anayechoma sindano asiyoihitaji, anaangukia upande wa pili.

Hapa niseme neno kuhusu mfungo, kwa kuwa kila Kwaresima tunachanganya. Wapo wanaosema, "Nafunga, na kilo nazo zitashuka, nimepata viwili kwa mkupuo." Kristo anatufundisha tufunge bila kujionesha, mbele ya Baba aonaye sirini (Mt 6:16-18), na nabii Isaya anasema mfungo anaoupenda Bwana ni ule unaomfikishia mwenye njaa mkate (Isa 58:6-7). Mfungo unanitoa kwangu kwenda kwa Mungu na jirani. Kama kila siku ya Kwaresima naishia kwenye mizani, nimefanya "diet", na "diet" inaweza kuwa nzuri kwa afya, lakini nisiiite toba. Pia Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge bila kuongea na daktari wake.

6. Basi, ni dhambi au si dhambi?

Katekisimu inatufundisha kupima tendo kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia, na mazingira (KKK 1750). Tukiyaunganisha na fadhila nne, majibu yanakuja hivi:

* *Una kisukari na daktari amekuandikia.* Tumia kwa shukrani. Ukipungua pia, mshukuru Mungu.
* *Una unene uliokithiri, umepimwa, unafuatiliwa, umepewa dawa iliyoidhinishwa kwa hali yako.* Si dhambi. Ni matibabu kama matibabu ya presha. Endelea na chakula bora na mazoezi kadiri ulivyoelekezwa.
* *Una uzito wa kawaida, unaitaka kwa ajili ya picha, sherehe au kumpendeza mtu.* Hapa unajitia katika hatari bila sababu ya kutosha, kinyume na utunzaji wa afya uliokabidhiwa. Hilo ni kosa. Uzito wake mbele ya Mungu unategemea pia ulijua nini na ulikuwa huru kiasi gani, na hayo yazungumze na padre kitubioni, bila hofu.
* *Umeipata kwa uongo, kwa kuiba, au unaiuza bila kuwa mfamasia.* Hapo umeongeza kosa la haki juu ya kosa la busara.
* *Unajiona mnene ingawa kila mtu, hata daktari, anasema sivyo, unaogopa chakula, unajificha kula au kujitapisha.* Huenda unaumwa, na ugonjwa huu una matibabu. Usianze na kujihukumu. Anza na mtu mmoja unayemwamini: mama, sista, mlezi wa vijana. Kisha nendeni pamoja hospitali.

7. Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, pima. Uzito, urefu, presha, sukari. Vituo vingi vya afya, vikiwemo vya Kanisa, vinafanya vipimo hivi. Jua hali yako kwa namba, usiijue kwa maneno ya watu.

Pili, kama tayari unatumia sindano au vidonge ulivyonunua kienyeji, usikae kimya. Nenda na kalamu yenyewe au kasha lake kwa daktari au mfamasia. Ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyokwisha, kutapika mfululizo, au kutetemeka na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tatu, safisha simu. Acha kufuata kurasa zinazokufanya uuchukie mwili wako. Kwa wiki moja tu uone.

Nne, fanyeni jambo pamoja. Jumuiya ya vijana inaweza kutembea kwa miguu Jumamosi asubuhi kwenda kumsalimia mgonjwa wa kisukari, mkamsaidia kuchota maji au kumsindikiza kliniki. Mtapata mazoezi, na mtaujua ugonjwa ambao dawa hii ilitengenezwa kwa ajili yake. Nadhani ukishaona mzee akiosha kidonda cha mguu kisichopona, hutaiona tena ile kalamu kama kipodozi.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani aliyenifundisha kuupenda au kuuchukia mwili wangu? Sauti yake inafanana na ya Mungu?
2. Je, nimewahi kumdhihaki mtu kwa sababu ya umbo lake? Nifanye nini kurekebisha?
3. Katika familia yangu nani ana kisukari? Naijua dawa yake na siku yake ya kliniki?
4. Ninapofunga, nani anafaidika na chakula nilichokiacha?

Tuombe

Ee Mungu Muumba wetu, tunakushukuru kwa miili uliyotupa, minene na myembamba, yenye afya na yenye maradhi. Tupe busara ya kutafuta msaada ulio wa kweli, haki ya kutomnyang'anya mgonjwa kilicho chake, nguvu ya kutotumikishwa na macho ya watu, na kiasi katika chakula na katika dawa. Wabariki madaktari, wauguzi na wafamasia. Uwafariji wote wanaoishi na kisukari, na wote wanaolia mbele ya kioo. Kwa maombezi ya Mt. Yosefu Moscati, tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia tafakari njema. Kama kuna mtu amekujia moyoni ulipokuwa unasoma, usimtumie somo hili kumshambulia. Mpigie simu, muulize anaendeleaje.